Njaa ya saa 11 jioni

Njaa inayomfanya mtu ale kupita kiasi usiku huwa imeanza kujengeka tangu asubuhi. Hilo ndilo jambo ninalotaka kuliandika leo kwa kirefu, kwa sababu limebadilisha afya yangu kuliko dawa na chai zote za kupunguza mwili nilizowahi kusikia zikisifiwa. Naona pia wanawake wengi wa rika langu hapa Tanga wakihangaika na uzito huku wakijilaumu kwa ulafi, ilhali ukiwatazama kuanzia alfajiri hadi alasiri utakuta hawajala chakula cha maana hata mara moja.

Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kiko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Kazi hii humkalisha mtu kitako kutwa nzima. Wakati wa kukata kitambaa utasimama kidogo, na wakati wa kupiga pasi utasimama kidogo, lakini saa nyingi ni za kuinamia cherehani, hasa inapokaribia Idi au miezi ya harusi, ambapo mteja mmoja hajatoka mwingine ameshaingia na vitambaa vyake mkononi. Kwa hiyo siku ya fundi, kwa desturi tuliyoikuta, ni chai ya rangi asubuhi, soda ya baridi jua linapokuwa kali, na ahadi ya kula vizuri jioni. Wenzangu wa vibanda vya jirani wanaishi hivyo hivyo, na nimewasikia waendesha bodaboda, wauza mitumba na hata walimu wakisimulia siku za namna hiyo.

Halafu inafika saa 11 jioni. Aliyekulia Tanga anaujua wakati huo kwa harufu. Mafuta yanachemka kila kona: kuna kachori na bajia, kuna mihogo ya kukaanga inayopasuliwa katikati na kutiwa chachandu, kuna mishikaki na supu ya pweza, na kwa mama wa jirani kuna vitumbua vinavyogeuzwa kimoja kimoja kwenye chuma chenye vishimo, kingo zikiwa za kahawia na katikati laini, iliki ikinukia hadi barabara ya pili. Mtu ambaye hajala tangu asubuhi hawezi kusimama hapo akanunua kimoja. Hununua vya watu watatu, akala viwili njiani, akaendelea na vingine akiwa jikoni, akaonja mchuzi, akaonja tena kuhakikisha chumvi, akakwangua ukoko wa wali, na chakula chenyewe kinapotengwa hukaa mkekani na kula kana kwamba hajatia kitu mdomoni. Ndivyo nilivyokuwa nikila, na ndivyo wanavyokula watu wengi ninaowafahamu na kuwapenda.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi mmoja wa kliniki, ambaye nilimwendea kwa sababu ya maumivu ya kichwa yaliyokuwa yakinirudia. Alinipima presha akaikuta juu, kisha akanipandisha kwenye mizani: kilo 91. Urefu wangu ni mita 1.62, na ukigawanya uzito huo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata karibu 35. Katika kipimo hicho, kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Baada ya hapo akachukua futi akanizungushia kiunoni, na hapo sikuhitaji kuelezwa sana, kwa kuwa futi ndiyo kazi yangu. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 88, yaani takriban inchi 35, ni dalili ya hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo na kisukari, kwa sababu mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, yakizunguka ini na matumbo, yana madhara kuliko yale ya mapajani na makalioni. Miaka nenda miaka rudi nimepima viuno vya inchi 40 na zaidi nikiwaza tu kama kitambaa kitatosha, na haikunijia hata siku moja kwamba namba ninayoiandika kwenye daftari la wateja inasema jambo kuhusu moyo wa mwenye kiuno hicho.

Muuguzi yule hakunikaripia. Aliniuliza, “Mama, jana mchana ulikula nini?” Nikamjibu kuwa sikula. “Na juzi?” Nikamjibu vilevile. Akaandika kitu kwenye kadi yangu, kisha akasema, “Basi mama, tuanzie hapo. Anza kula mchana.”

Kumwambia mtu anayetaka kupungua kwamba ale ni jambo linaloweza kuonekana la ajabu, lakini lina msingi. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikielekea ukingoni, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani aliwachukua vijana 36 wenye afya njema, waliojitolea baada ya kukataa kupigana vitani kwa sababu za dhamiri, ili kujifunza namna ya kuwahudumia watu waliokumbwa na njaa kwa sababu ya vita. Kwa muda wa miezi 6 walipewa takriban nusu ya chakula walichohitaji, na walipoteza karibu robo ya uzito wao. Kinachonigusa zaidi ni yaliyowapata akilini. Waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi, walilamba sahani, na wengine walitumia muda mrefu mno kukichezea chakula kidogo walichopewa ili kisiishe. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula hadi wakaumwa, na huku matumbo yamejaa walisema bado wana njaa. Hawa hawakuwa walafi. Walikuwa vijana waliochaguliwa kwa uimara wao wa mwili na akili. Yeyote anayedhani kwamba kujinyima kupita kiasi ni njia ya kufundisha tumbo adabu aifikirie habari ya vijana hao.

Tangu wakati huo sayansi imeeleza sehemu ya kinachotokea. Kuna homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa mwaka 1999 na wanasayansi wa Japani, ambayo hutolewa na tumbo na hupanda kabla ya mlo, ikiuambia ubongo kwamba muda wa kula umefika. Kuna nyingine iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mtu anapopungua uzito, hasa kwa haraka, leptini hushuka na grelini hupanda, na mwili hutumia nishati kidogo kuliko ulivyokuwa ukitumia. Mwili unajilinda, kwa sababu haujui tofauti kati ya mtu anayetaka gauni limkae vizuri na mtu aliyepatwa na mwaka wa ukame. Najua wapo wanaofunga sunna za Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima na magharibi wakala kwa utulivu kabisa. Kwao hili si tatizo, wala siwaambii waache. Ninawasemea wale ambao kuacha kula mchana huwaishia kwenye kula bila kikomo usiku, na hao ni wengi.

Nilianza na asubuhi. Kabla ya kufungua kibanda ninakula mayai mawili ya kuchemsha, au mbaazi, au maharage ya jana, pamoja na kipande cha muhogo au kiazi kitamu kilichochemshwa. Kunde, mbaazi na maharage zina protini na nyuzinyuzi, vitu viwili vinavyokaa tumboni kwa muda na kumfanya mtu ahisi ameshiba kweli, tofauti na andazi na chai ya sukari ambavyo hupita haraka na kukuacha unatetemeka saa 5. Mayai na mbaazi si vitu vya anasa hapa kwetu. Gharama ya kifungua kinywa hicho ni ndogo kuliko nilichokuwa nikikitumia jioni kwa vile vya kukaanga, na nasema hivi kwa sababu watu huniambia kwamba kula kwa afya ni kwa wenye pesa. Samaki wa bei ya juu si lazima. Vibua na dagaa kutoka soko la Deep Sea wana protini nzuri na mafuta yanayoufaa moyo, na mchicha, kisamvu, tembele na ule mchunga wetu mchungu ni mboga ambazo mtu wa pwani hakosi.

Mchana ndio uliokuwa mgumu. Si kwamba chakula hakikupatikana, ila kukaa na kula mbele ya wateja kulinipa haya, na kila nilipofungua hotipoti yangu mtu aliingia na gauni la kupunguza mikono. Nilichofanya ni kuweka saa. Saa 7 mchana ninafunga nusu ya mlango, ninaosha mikono, ninahamisha vitambaa kutoka kwenye meza ya kukatia na kula nimeketi. Mteja akija namkaribisha, “Bismillahi, karibu tule,” naye kwa heshima husema ameshiba na kunisubiri barazani. Hakuna mteja niliyempoteza kwa hilo. Baadhi yao sasa hupitisha saa hiyo kwa makusudi ili tusisumbuane. Na jambo lililonishangaza ni jinsi saa 11 jioni ilivyobadilika: vitumbua bado vinanukia, bado navipenda, lakini nanunua viwili nikavila na kikombe cha chai, halafu basi. Ile nguvu iliyokuwa ikinivuta haipo, kwa sababu tumbo halidai deni la kutwa nzima.

Suala la sukari lilihitaji hesabu tu. Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 4 za sukari. Vijiko 3 katika kikombe, vikombe 4 kwa siku, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 50, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya nusu ya hapo. Maana yake ni kwamba chai peke yake ilikuwa imemaliza karibu kiwango chote, kabla ya soda, kabla ya kaimati, kabla ya kashata. Nilipunguza nusu kijiko, nikakaa hapo hadi ulimi ukazoea, nikapunguza tena. Leo ninakunywa chai ya mchaichai au tangawizi bila sukari, na ile ya zamani nikipewa ugenini naiona nzito kupita kiasi. Machungwa ya Muheza nayo nayala yakiwa mazima na nyama yake, badala ya kukamua sita ndani ya jagi na kunywa bila kutafuna chochote.

Kuhusu nazi nitasema zaidi kidogo, kwa maana mtu akimshauri mwanamke wa Tanga aache nazi, ushauri wake wote utatupwa pamoja na machicha. Siachi nazi. Wali wa nazi, samaki wa kupaka na kisamvu cha nazi ni chakula chetu, na chakula kisichokuwa chetu hakidumu nyumbani. Ila mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni yale yanayoganda, yanayopandisha lehemu kwenye damu, na mafuta ya aina yoyote yana nishati ya kilokalori 9 kwa kila gramu, ambapo wanga na protini zina 4. Kwa hiyo nimebadilisha namna ya kutumia. Nikikuna nazi moja, tui la kwanza, lile zito, nalitenga. Mboga na mchuzi napikia tui la pili, kisha mwisho kabisa, chungu kikiwa kinashushwa, natia vijiko vichache vya lile zito juu kwa ajili ya harufu na mng’aro. Ukila, ladha inakupokea kwanza na hujui kilichopungua. Wali wa nazi tunaupika Ijumaa na siku za wageni. Siku nyingine ni bada, yaani ugali wa muhogo, kidogo kwa samaki wa kuchoma na mboga nyingi, au wali mweupe kiasi cha ngumi moja.

Na mafuta ya kupikia yana habari yake. Kijiko kimoja cha kulia chakula kina takriban kilokalori 120. Jikoni kwetu hakuna anayepima kwa kijiko. Tunamimina kutoka kwenye dumu hadi vitunguu vielee. Nilipoanza kuyatoa kwa kijiko, dumu lililokuwa likiisha katikati ya mwezi lilivuka mwezi.

Sinia ndilo lililonipa mawazo zaidi. Kula pamoja ni baraka, na sitaki kuandika neno lolote litakalowafanya watoto wangu wale kila mmoja chumbani kwake na simu yake. Lakini kwenye sinia mtu haoni alichokula. Mkono unakwenda na kurudi, mazungumzo yamenoga, mama mkwe anasogeza nyama upande wako kwa mapenzi, na kwa kuwa ishara za shibe huchukua takriban dakika 20 kufika ubongoni, unapohisi umeshiba umeshapita shibe zamani. Tulichoamua nyumbani ni kubaki na sinia kwa Ijumaa na wageni, na siku za kawaida kukaa mkeka mmoja lakini kila mtu na sahani yake, nusu ya sahani ikiwa ni mboga na kachumbari, robo samaki au maharage, robo wali au ugali. Mboga huliwa kwanza. Tulipoanza, mume wangu aliona kama tumekuwa wageni nyumbani kwetu. Baada ya muda yeye mwenyewe alikuwa akiuliza mboga ziko wapi kabla hajagusa wali. Waislamu tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kuhusu theluthi moja ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi, na mafundisho hayo tunayajua tangu chuoni kwa maalimu; kilichokuwa kikikosekana ni sahani ya kuyatekelezea.

Mwezi wa Ramadhani ulinitia wasiwasi kuliko mwezi mwingine wowote, kwa sababu kwa fundi ni mwezi wa kazi nyingi na futari yetu ni nzito: magimbi, mihogo na ndizi za nazi, tambi, sambusa, kaimati zinazoogelea kwenye shira, uji wa pilipili manga. Nilifuata utaratibu ambao wazee wetu wameufuata siku zote na ambao wengi tumeuacha, yaani kufungua kwa tende na maji, kwenda kusali magharibi, kisha kurudi kula. Ule muda wa sala ni mfupi, lakini unatosha kuituliza pupa ya mtu aliyefunga kutwa. Kutoka kwenye vyakula vya wanga nachagua kimoja badala ya kuweka vyote vitano kwenye sahani moja. Na daku nainuka kuila kwa dhati, maharage au mayai na matunda, wala siiachi kwa ajili ya usingizi, kwa sababu anayeacha daku ndiye anayeivamia futari.

Ugumu ambao sikuutarajia ulitoka kwa watu. Hapa kwetu mwanamke akinenepa husifiwa: amenawiri, anatunzwa, mambo yake mazuri. Akipungua, anaulizwa maswali. Nilipoanza kupungua usoni na shingoni, shoga yangu mmoja alinivuta pembeni ya harusi na kuniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa, mwingine akauliza kama ni sukari, na mama yangu mzazi alikuja na samli chupa nzima. “Mwanangu, umekonda, kuna nini kwa mumeo?” Niliketi naye nikamweleza habari ya presha, nikamwonyesha kadi ya kliniki na namba zilivyokuwa zikishuka, na kwa kuwa dada yake mkubwa alipooza upande mmoja kwa presha, alinielewa kabla sijamaliza. Siku hizi akinipakulia husema, “Hiki cha kwako,” na ni kidogo. Nawaomba wasomaji wangu wasichukulie jambo hili kuwa dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Tukiendelea kuuita unene huo kunawiri, tutaendelea kuzikana mapema kwa viharusi huku tukisema ni kazi ya Mungu tu.

Shughulini nako kuna njia. Sitoki nyumbani na njaa kwa ajili ya pilau ya watu. Nakula kidogo kabla. Nikipakuliwa, nakula polepole na kuacha kitu kwenye sahani hadi mwisho, maana sahani tupu ndiyo inayoletewa ongezo. Mwenye shughuli anafurahi, nami nimekula.

Kuhusu mazoezi sitaandika mengi. Kutembea kwa nusu saa kwa kawaida hakumalizi nishati iliyomo katika chapati moja kubwa ya mafuta, kwa hiyo anayedhani atatembea ili aendelee kula atachoka bure. Faida ya kutembea iko kwenye presha, sukari, usingizi na furaha ya moyo, na katika kuufanya uzito uliopungua usirudi. Jioni baada ya kufunga natembea kutoka Ngamiani kupita Uzunguni kuelekea Raskazone, upepo wa bahari ukinipiga usoni, na asubuhi siku nyingine natumia baiskeli, kwa kuwa mji wetu ni tambarare na baiskeli kwetu haijawahi kuwa kitu cha wanaume peke yao. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Wale waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, kuliko hata waliopewa dawa. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5.

Usingizi nao nilikuwa naudharau. Kushona hadi saa 8 usiku na kuamka alfajiri humfanya mtu atamani vitamu kutwa nzima, na jambo hilo limethibitishwa kwamba kulala saa chache huongeza njaa. Sasa kazi ambayo haiwezi kuisha kwa wakati naikataa, au namwambia mteja ukweli kuhusu siku.

Kuna ulaji mwingine ambao hautibiwi kwa kifungua kinywa, na ni haki niutaje. Mtu anayekula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kwa haraka, mara nyingi akiwa peke yake kwa kuona haya, akihisi hawezi kusimama hata akitaka, kisha akajawa na huzuni na kujichukia, na hali hiyo ikamrudia angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, huyo ana ugonjwa unaotambuliwa. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi kwenye orodha yao ya maradhi mwaka 2013. Kumwambia mtu huyo ajizuie ni kumuongezea mzigo. Anahitaji mtaalamu wa afya ya akili na anahitaji nduguze wamsikilize bila kumcheka. Kwa kadiri ninavyosikia kutoka kwa wanawake wanaoniamini wakati wa kupimwa nguo, wapo wengi wanaoubeba kimya kimya.

Na zile chai za kukata tumbo na vidonge visivyo na maelezo vinavyouzwa mitandaoni, naomba tuziache. Nyingi hufanya kazi ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki pale pale, na mwenye presha au figo dhaifu anaweza kupata madhara makubwa.

Leo nina kilo 77. Imechukua zaidi ya mwaka, taratibu, pamoja na miezi ambayo mizani haikusogea kabisa ingawa futi ilionyesha kiuno kikipungua. Kwa kipimo kile cha kwanza niko kama 29, maana yake bado uzito wangu umezidi, na huenda nikabaki karibu na hapo. Silioni hilo kuwa pungufu, kwa sababu hata kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito huleta nafuu ya kweli kwenye presha na sukari, na presha yangu imeshuka hadi daktari amenipunguzia dawa yeye mwenyewe.

Shangazi yangu, anayetumia vidonge vya kisukari kwa miaka mingi, alipoona mabadiliko haya alitaka kunifuata siku hiyo hiyo, apunguze wali na aache sukari yote. Nilimzuia. Mtu anayetumia baadhi ya dawa za kisukari, au anayechoma insulini, akibadilisha mlo ghafla huku dozi ikibaki ile ile, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Tulikwenda pamoja kliniki kwanza, daktari akarekebisha dawa zake na kumpangia siku za kupima, ndipo tukaanza: yai, mbaazi na kipande cha muhogo asubuhi, na chakula cha mchana saa 7, ambacho siku nyingine huja kukila kibandani kwangu, kwenye meza ya kukatia.